Mbunge Akija, Muulizeni Umri wa Ndoa

Nimehudhuria mikutano ya wabunge tangu nikiwa mkunga kijana kwenye zahanati ya kijiji kimoja upande wa Mabamba, wilayani Kibondo, karibu na mpaka wa Burundi, hadi leo nilipostaafu na kurudi nyumbani Kasulu. Wabunge hubadilika, mkutano haubadiliki. Spika hufungwa juu ya gari, viti vya plastiki hupangwa mwembeni kwa ajili ya viongozi, wanaume husimama karibu na kipaza sauti, na sisi akina mama tunatandika kanga kwenye majani na watoto mgongoni. Mbunge anasoma taarifa: madarasa, zahanati, kisima, barabara. Tunapiga makofi. Maswali yakianza, wanaume watano wa kwanza wanauliza mbolea na barabara, na jua linazama.

Siku moja mama mmoja wa jirani yangu alikifikia kipaza sauti. Aliuliza kwa Kiha, mwenyekiti wa kijiji akatafsiri: "Gari la wagonjwa tumeliona likizinduliwa. Binti yangu alipozidiwa tukaambiwa halina mafuta. Mafuta yake ananunua nani?" Watu waliguna. Mimi nilisimama kumpigia makofi, kwa sababu katika miaka yangu yote sijasikia swali la afya lililolenga kama lile.

Mafuta ya gari hilo hayatoki mfukoni mwa mbunge. Yamo kwenye bajeti ya halmashauri. Lakini mbunge naye ni mjumbe wa Baraza la Madiwani linalopitisha bajeti hiyo, na kila mwaka kuanzia Aprili hadi Juni anakaa Dodoma kupitisha bajeti ya nchi. Mama yule alikuwa amemuuliza mtu anayehusika. Wengi wetu hatulijui hili, ndiyo maana tunamwomba mbunge rambirambi na jezi za mpira, halafu yale yaliyomo ndani ya mamlaka yake yanapita bila kuulizwa.

Nisiwe mchoyo wa fadhila, mambo yamebadilika. Nilipoanza kazi, mama akishindwa kujifungua kijijini, vijana walifunga blanketi kwenye miti miwili wakambeba, au akakalishwa nyuma ya baiskeli. Kuanzia mwaka 2006 mradi wa uzazi salama mkoani Kigoma, uliofadhiliwa na Bloomberg Philanthropies, ulisaidia vituo vya afya vya vijijini kupata chumba cha upasuaji, na madaktari wasaidizi na wauguzi wakafundishwa kupasua na kutoa dawa ya usingizi pale pale. Siku hizi kuna namba 115 ya mfumo wa m-mama: unapiga bure, na gari la wagonjwa likikosekana, dereva wa kawaida aliyesajiliwa anatumwa na kulipwa. Kitaifa, utafiti wa afya wa mwaka 2015/16 ulikadiria vifo vya uzazi 556 kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa mwaka 2022 ulikadiria 104. Kwa mtu aliyewahi kufunika uso wa mzazi kwa kanga yake mwenyewe, tofauti hiyo si ya karatasi.

Hata hivyo kuna mzazi ambaye gari na upasuaji humfikia akiwa ameshaumia. Huyo ndiye ninayetaka kumzungumzia.

Aliletwa zahanati alfajiri, uchungu ukiwa umemshika tangu juzi. Kwenye kadi ya kliniki mama mkwe alikuwa ameandikisha miaka 18. Sisi wakunga tuna njia yetu. Nilimuuliza alianza darasa la kwanza mwaka gani, nikahesabu kwa vidole: 15. Alikuwa amemaliza la saba, hakuchaguliwa kwenda sekondari, na mahari ikapokewa kabla maharage ya msimu hayajavunwa. Nyonga yake ilikuwa bado ya mtoto. Tulimfikisha hospitali mtoto akiwa amekwishafia tumboni. Wiki mbili baadaye alirudi kwangu amejifunga vitenge vitatu, kimoja juu ya kingine, na vyote vimelowa. Mkojo ulikuwa unatoka wenyewe. Hiyo ndiyo fistula: kichwa cha mtoto hukandamiza nyama laini za mama kwa saa nyingi mpaka zinakufa na kuacha tundu. Mumewe alimrudisha kwao. Fistula hutibika, na hospitali ya CCBRT ya Dar es Salaam huitibu bila malipo, lakini kutoka kwetu hadi huko, na aibu ile, yeye alichukua miaka.

Sasa tazameni sheria. Mwaka 2016 Bunge lilirekebisha Sheria ya Elimu: anayemwoa au kumpa mimba mwanafunzi wa msingi au sekondari anaweza kufungwa miaka 30. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema mtoto ni mtu wa chini ya miaka 18. Lakini Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika vifungu vya 13 na 17, inaruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya mzazi, na mahakama inaweza kuruhusu hata wa miaka 14. Mvulana ni 18. Kwa hiyo binti yule angekuwa na sare ya shule, aliyemwoa angekuwa matatani. Kwa kuwa hakuchaguliwa kidato cha kwanza, hapakuwa na kosa. Kinga yake ilikuwa sare, na sare ilivuliwa siku matokeo yalipobandikwa.

Mwanaharakati Rebeca Gyumi alilipeleka jambo hili mahakamani. Julai 2016 Mahakama Kuu ilisema vifungu hivyo vinapingana na Katiba, ikaipa Serikali mwaka mmoja kuvirekebisha. Serikali ilikata rufaa, na Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa. Kilichobaki ni kazi ya Bunge. Bunge lililochaguliwa mwaka 2020 lilimaliza muda wake mwaka 2025 bila kuugusa umri huo.

Katika Bunge hilo sisi wa nyanda za juu za Kigoma tulikuwa na wanawake wa kuchaguliwa: Profesa Joyce Ndalichako wa Kasulu Mjini, na Dkt. Florence Samizi wa Muhambwe, ndiyo Kibondo, aliyeingia kwa uchaguzi mdogo wa Mei 2021 baada ya kifo cha Mhandisi Atashasta Nditiye. Tena Profesa Ndalichako ndiye aliyekuwa Waziri wa Elimu tarehe 24 Novemba 2021, alipotangaza kwamba wanafunzi waliokatisha masomo kwa sababu ya ujauzito wataruhusiwa kurudi katika shule za kawaida. Kabla ya hapo walikuwa wakifukuzwa. Katika mtaa wangu binti mmoja alirudi. Bibi yake alibaki na mtoto, akamkopa jirani pesa ya viatu. Hakuna jengo lililozinduliwa siku hiyo wala utepe uliokatwa. Ilikuwa karatasi tu kutoka wizarani. Lakini ukiniuliza jambo kubwa lililotufikia kutoka kwa viongozi wetu katika miaka ile, nitakutajia karatasi hiyo kabla ya zahanati yoyote.

Nawaambia haya wazazi wenzangu, na hasa akina baba, kwa kuwa kipaza sauti kiko mikononi mwenu. Umri wa ndoa tunauita jambo la mila, au la wanaharakati wa mjini. Mimi niliyepokea watoto wa watoto nasema ni jambo la afya, sawa na damu salama na chandarua.

Mkutano ujao wa mbunge, akishamaliza kusoma taarifa, mama mmoja asimame amuulize: kifungu cha 13 mtakirekebisha lini? Kisha aandike jibu kwenye daftari, pamoja na tarehe.