Sura ya Saba: Mnyororo wa Baiskeli na Hewa ya Munyu

Katika viungo vyote vya baiskeli hakuna kitiwacho mafuta mara nyingi, tena kikatiwa vibaya, kushinda mnyororo. Kwani mwendeshaji wa Mombasa, ausikiapo umeanza kulia, hudhani wajibu wake umekwisha pindi amwagapo oili juu yake mpaka ikatona chini, ilhali mafuta yakaayo nje, juu ya vumbi na munyu, hayamfai kitu ila kuuzidishia maradhi. Azma yangu katika sura hii ni kubainisha namna mnyororo uchakaavyo, na kwa sababu gani kanuni zilizomo katika vitabu vya Ulaya, ambavyo aghalabu viliandikwa na watu wakaao mbali na bahari, hazimtoshelezi mkaazi wa Tudor, mtaa wa Mombasa.

Mnyororo tuutumiao leo haukubadilika sana tangu mwaka 1880, wakati Hans Renold, mzaliwa wa Uswisi aliyefanya kazi zake Manchester, alipopata hataza ya mnyororo wa bushi na rola. Miaka mitano baadaye John Kemp Starley alitoa baiskeli yake iliyoitwa Rover, ambayo gurudumu lake la nyuma liliendeshwa kwa mnyororo, na kwa umbo hilo ndiyo mzazi wa baiskeli zote nyeusi za kazi zilizoenea katika pwani yetu. Ukiutazama mnyororo wa baiskeli hizo utaona vibati viwili vya nje vilivyoshikamanishwa kwa pini, kisha vibati viwili vya ndani vilivyoshikamanishwa kwa bushi, ambayo ni mwanzi mfupi wa chuma upitwao na pini hiyo katikati. Na juu ya bushi pana rola, izungukayo kwa uhuru kila ikutanapo na jino la gia. Kutoka kitovu cha pini moja hata kitovu cha pini ifuatayo ni nusu inchi, yaani milimita 12.7, na mnyororo wa kawaida una vipande 112 vya namna hiyo.

Nimetaja hesabu hiyo kwa makusudi, maana siri yote ya jambo imo ndani yake. Msuguano mkubwa wa mnyororo haumo pale macho yanapoona, nje ya vibati. Umo ndani, baina ya pini na bushi, kila kiungo kinapojikunja kuingia katika gia na kinapojinyosha kutoka. Watu husema mnyororo umevutika, na hali chuma chenyewe hakikuvutika hata chembe. Kilichotokea ni pini na bushi kulika, kila mahali kidogo, na uchache huo ukakusanyika. Lau kila kiungo kitalika sehemu moja ya kumi ya milimita, kiasi ambacho jicho halikioni, mnyororo wa vipande 112 utarefuka zaidi ya milimita 11, na hapo rola hazikai tena chini katika mabonde ya meno bali hupanda juu, na meno yakaanza kulika upande mmoja mpaka yakapinda ncha. Basi mafuta yanayohitajika ni yale yafikayo kwenye pini. Yaliyobaki nje ni ziada, na ziada hiyo ina madhara.

Madhara yake ni haya. Oili iliyo juu ya vibati hunasa mchanga, na gari moja lipitapo kwa kasi katika barabara isiyo na lami, au upepo wa kaskazi uvumapo miezi ya Disemba mpaka Machi na kurusha vumbi la matumbawe kutoka kuta na viwanja, mnyororo uliolowa hujaa tope jeusi kwa muda mfupi. Mafundi wa injini hununua kwa fedha zao dawa ya kusagia vali, nayo si kitu kingine ila grisi iliyochanganywa na chembe ngumu; mwendeshaji amwagiaye oili mnyororo mchafu huitengeneza dawa hiyo bure, kisha akaisukumia ndani ya bushi kwa miguu yake mwenyewe.

Bado munyu. Tudor iko upande wa kaskazini wa kisiwa cha Mombasa, kando ya hori iliyo na jina hilo hilo, ambayo maji yake hupita baina ya Mji wa Kale na Nyali kisha yakaingia ndani mpaka kwenye mikoko. Kwa hiyo mtu wa Tudor, hata asipoiona bahari kuu, yu jirani ya maji ya chumvi usiku na mchana, na avukaye daraja la Nyali kwenda soko la Kongowea hupigwa na upepo wake ubavuni njia nzima. Chembe za munyu zikitua juu ya chuma huvuta unyevu wa hewa, na hewa ya Mombasa haina uhaba wa unyevu, zikafanya utando mwembamba wa maji ya chumvi ambao ndio uchocheao kutu. Aliye taabani zaidi ni mchuuzi wa samaki, atokaye sokoni Mji wa Kale na pakacha lake juu ya keria, kwani maji ya samaki na barafu hutona moja kwa moja juu ya gia ya nyuma. Baiskeli yake hushika kutu katika mnyororo kabla ya mahali pengine popote, na yeye hulaumu chuma cha siku hizi.

Nadhani kosa letu lina asili ya heshima. Watu wa pwani hii walijua kuhifadhi vyombo vyao tangu kale: mbao za jahazi zilipakwa sifa, ambayo ni mafuta ya ini la papa, na chini ya chombo palipakwa deheni ya shahamu na chokaa, na kadiri mafuta yalivyozidi ndivyo mbao zilivyosalimika. Walakini ubao hunywa mafuta, na chuma hakinywi. Kilichokuwa hekima bandarini kimekuwa hasara juu ya mnyororo.

Sasa tuje kwenye kusafisha, ambapo ndipo vitabu vya kigeni vinapotupotosha. Vingi husema: osha mnyororo kwa mafuta ya taa, upanguse, uutie oili, basi. Mafuta ya taa ni mazuri kwa kuyeyusha oili na grisi iliyoganda, lakini hayayeyushi chumvi. Na mnyororo wa Tudor uliooshwa kwa mafuta ya taa peke yake hung'aa, ukapendeza, na munyu ukabaki ndani. Shurti maji matamu yafuate. Utaratibu wa sawa ni kuanza na mafuta ya taa kidogo katika kopo na mswaki uliokwisha kazi, ukasugua pande zote hata weusi utoke, kisha ukasugua tena kwa maji ya sabuni, ukasuuza kwa maji safi, ukaukausha kwa tambara na kuuacha juani mpaka uwe mkavu kabisa. Nimesema maji matamu kwa sababu visima vingi vya kisiwa hiki vina maji ya chumvi, na kuosha mnyororo kwa maji hayo ni kuurudishia kile ulichokuwa ukikitoa. Tumia maji ya mfereji, au ya mvua, na kopo moja latosha, hata katika wiki ambazo mifereji imekauka. Mafuta ya taa yaliyotumika yasimwagwe mtaroni, kwani mitaro ya Tudor huishia horini, na mikoko huvuta pumzi kwa mizizi iliyo juu ya tope, ambayo ikizibwa na mafuta mti hufa.

Baada ya mnyororo kukauka ndipo mafuta. Weka tone moja juu ya kila rola, upande wa ndani wa mnyororo, kiungo baada ya kiungo, ukizungusha pedeli kwa nyuma polepole. Ukimaliza, endelea kuzungusha kwa dakika chache ili mafuta yaingie, kisha, na hili ndilo watu wengi wasilolikubali, twaa tambara kavu upanguse nje yote mpaka vibati visiache alama katika kidole. Mwenye baiskeli huona uchungu kuyaondoa mafuta aliyoyanunua, lakini yaliyofika ndani hayatoki kwa tambara.

Kuhusu aina ya mafuta, oili mpya ya injini yafaa vya kutosha, nayo hupatikana kwa kipimo kidogo. Mafuta ya cherehani ni mepesi mno. Huingia upesi na kutoka upesi, na mvua moja ya masika huyachukua yote. Mafuta ya kupikia huganda yakawa mfano wa ulimbo, na ya nazi huvunda. Grisi ya baridi haiingii ndani ya bushi hata ukiipaka kwa kiganja. Ama oili chafu iliyotolewa katika injini, ambayo fundi huwa nayo tele katika kopo lake chini ya mti, imejaa masizi, asidi na unga wa chuma, tena ni hatari kwa ngozi ya mtu aishikaye kila siku. Simlaumu fundi. Mteja husimama na kusema, "Fundi, nitilie oili kidogo, nina haraka," wala hayuko tayari kulipa senti moja kwa ajili ya kuoshewa; na fundi humpa alichokitaka.

Mwaka 1999 James Spicer na wenzake katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, walipima mnyororo ndani ya maabara wakaona kuwa nguvu ipitayo humo yaweza kufikia asilimia 98.6, na la ajabu ni kwamba aina ya mafuta haikuleta tofauti kubwa. Wako waliotoa katika habari hiyo hoja ya kuacha mafuta kabisa. Lakini maabara haina mchanga, haina kusi wala masika, na kazi ya mafuta katika mji kama wetu ni kuzuia maji na munyu visifike kwenye pini kuliko kuongeza mwendo. Kwa sababu iyo hiyo sisifu sana nta, ambayo waendeshaji wa Ulaya huiyeyusha na kuuchovya mnyororo ndani yake: wakati wa kaskazi ni nzuri mno, kwa kuwa nta iliyoganda hainasi vumbi, ila mvua za mwezi Mei zikianza hukinga kutu kwa udhaifu.

Ukiufungua mnyororo kwa ile klipu ndogo ya kiungo cha kufungulia, angalia wakati wa kurudisha: upande wa klipu uliozibwa uelekee kule mnyororo uendako, la sivyo yaweza kunaswa na kuchomoka njiani. Na gurudumu la nyuma livutwe kiasi cha kuuachia mnyororo mchezo wa nusu inchi hivi katikati, juu na chini.

Mwisho, chukua rula ya inchi, uweke mwanzo wake katikati ya pini moja na uhesabu vipande 24. Mnyororo mzima utafika inchi 12 barabara. Ukipita kwa sehemu moja ya kumi na sita ya inchi, nunua mwingine sasa, na gia zako zitasalimika. Ukipita kwa sehemu moja ya nane, gia nazo zimekwisha, na hakuna oili iuzwayo Mombasa itakayozirudisha.