Kalule na Mugabi: Uzani Mmoja, Ngumi Mbili

Msimu wa korosho, Masasi na Newala, watazame kina mama wanaobangua. Mmoja huigonga taratibu, akaigeuza, akagonga tena, mpaka ganda liachie na korosho itoke nzima. Mwingine hushusha pigo moja la nguvu. Pigo likikaa sawa, kazi imekwisha. Likikosea, korosho inapasuka na bei inashuka.

Hivyo ndivyo walivyotofautiana Ayub Kalule na John Mugabi. Wote ni Waganda, na wote walitwaa ubingwa wa dunia katika uzani wa super welter, chini kidogo ya kilo 70. Kalule aliupata kwenye mkanda wa WBA mwaka 1979, Mugabi kwenye ule wa WBC mwaka 1989. Hawakupigana kuwania ubingwa huo, kwa hiyo ubishi wa nani alikuwa fundi zaidi haujawahi kuamuliwa ulingoni.

Tuanze na mkubwa. Mwaka 1974 Kalule alitwaa dhahabu mbili katika ngumi za ridhaa: ya kwanza Christchurch, New Zealand, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola, ya pili Havana, Cuba, katika mashindano ya kwanza kabisa ya ubingwa wa dunia. Miaka miwili baadaye nchi nyingi za Afrika ziligomea Olimpiki ya Montreal, kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikwenda kucheza Afrika Kusini ya makaburu. Tanzania ikamzuia nyumbani mwanariadha wake Filbert Bayi, na Uganda nayo haikushiriki. Mwaka huohuo Kalule akaingia ngumi za kulipwa, makao yake yakiwa Denmark.

Tarehe 24 Oktoba 1979, miezi sita na ushei tangu majeshi ya Tanzania yaingie Kampala na Idi Amin akimbie, Kalule alipanda ulingoni mjini Akita, Japan, kupambana na bingwa Masashi Kudo. Walipigana raundi zote 15, Kalule akashinda kwa pointi.

Siri yake ilianzia miguuni. Kalule alitumia mkono wa kushoto, na bondia wa namna hiyo hutanguliza mguu wa kulia. Akikutana na mpinzani anayetumia mkono wa kulia, miguu yao ya mbele hugombea nafasi moja sakafuni. Anayewahi kuuweka wake upande wa nje wa mguu wa mwenzake ndiye hupata njia: ngumi yake ya nyuma inakwenda moja kwa moja usoni, naye anabaki pembeni ya hatari. Ni mchezo wa sentimita chache, unaorudiwa mara kwa mara katika pambano zima. Kwa nje unaonekana mchezo wa polepole, lakini mpinzani hupungua kidogo kidogo mpaka hana pa kusimama.

Kalule aliutetea mkanda mara nne. Hakuwa amepoteza pambano hata moja alipokutana na Sugar Ray Leonard mjini Houston, Marekani, tarehe 25 Juni 1981. Leonard, mshindi wa dhahabu ya Montreal ile ambayo nchi nyingi za Afrika ziliigomea, alimsimamisha kwa TKO raundi ya tisa.

Mugabi alikuwa wa aina nyingine kabisa. Moscow mwaka 1980, kwenye Olimpiki ileile iliyowapa wanariadha wa Tanzania, Suleiman Nyambui na Filbert Bayi, medali za fedha, yeye naye aliondoka na fedha baada ya kushindwa fainali na Andrés Aldama wa Cuba. Mwishoni mwa mwaka huo akaanza ngumi za kulipwa. Mapambano yake 25 ya kwanza alishinda yote, na hakuna hata moja lililofika kwenye kadi za majaji. Wakampa jina la "Mnyama".

Tarehe 10 Machi 1986, Las Vegas, alipanda uzani kumkabili Marvin Hagler, bingwa wa dunia wa uzani wa kati. Usiku ule ulionyesha uwezo wake na upungufu wake kwa pamoja. Ngumi zake zilimvimbisha Hagler jicho, na mashabiki wakaona bingwa akipokea makonde ambayo wengine wasingeyahimili. Lakini Hagler hakuanguka, na Mugabi hakuwa amezoea mtu asiyeanguka. Pumzi ikakata, mikono ikashuka, na raundi ya 11 akamalizwa.

Mkanda wa dunia ulimjia Julai 1989 nchini Ufaransa, alipomshinda René Jacquot raundi ya kwanza, Mfaransa huyo akiwa ameumia kifundo cha mguu. Miezi tisa baadaye Terry Norris aliuchukua mkanda huo kwa KO, tena raundi ya kwanza.

Tukihesabu ngumi za kulipwa, Kalule alipigana mara 50 na kushinda 46. Mugabi alishinda 42, na 39 kati ya hizo kwa KO. Kwa uzito wa konde, hakuna ubishi: Mugabi yuko juu. Kwa ufundi, mkanda ni wa Kalule, kwa sababu alikuwa na njia ya kushinda hata usiku ambao mpinzani alikataa kuanguka. Mugabi alikuwa na njia moja, nayo ilipoziba mbele ya Hagler, hakuwa na nyingine ya kushika.

Kijana wa Masasi au Newala anayeanza kufunga glovu atafute mapambano yao kwenye simu. Atazame kwanza miguu ya Kalule, ajifunze kusimama. Mikono ya Mugabi aitazame baadaye.