Mshahara wa Ng'ambo: Hesabu Kile Kinachobaki

Siku hizi haipiti miezi mingi kabla hatujasikia, kanisani au wodini, kwamba mwenzetu fulani amepata kazi ng'ambo. Tunamwombea, tunamchangia nauli, tunamsindikiza uwanja wa ndege. Swali moja hatumwulizi, kwa kuogopa kuonekana wenye wivu: baada ya kulipa kodi, nyumba na chakula cha huko, utabakiwa na nini?

Sisi tulio wauguzi imetubidi kujifunza hesabu hii, kwa kuwa milango mingi imefunguliwa upande wetu. Mwezi wa Julai 2021 Kenya na Uingereza zilitia sahihi mkataba wa kuwawezesha wauguzi wa Kenya kwenda kufanya kazi huko. Basi tuchukue mfano wa England, ambako viwango vya mishahara ya hospitali za umma hutangazwa wazi.

Mshahara wa karatasini na wa mkononi

Katika mwaka wa fedha wa 2024/25, muuguzi aliyeanza kazi huko alilipwa pauni 29,970 kwa mwaka, yaani karibu pauni 2,500 kwa mwezi. Tukihesabu kila pauni kuwa shilingi 160 za Kenya, hizo ni shilingi laki nne. Mama akisikia laki nne huanza kujenga nyumba kichwani papo hapo.

Lakini tungoje kidogo. Kodi ya mapato ni asilimia 20 ya kila pauni inayozidi 12,570 kwa mwaka. Bima ya taifa nayo hukata asilimia 8 juu ya kiwango hicho hicho. Mchango wa pensheni ulikuwa asilimia 8.3 ya mshahara wote. Kinachofika mkononi ni karibu pauni 1,925 kwa mwezi. Tena waajiri wengi hulipa daraja la chini zaidi mpaka muuguzi afaulu mtihani wa vitendo na kusajiliwa.

Peke yako, au pamoja na watoto?

Tuseme mama amekwenda peke yake, katika mji wa kawaida. Amepanga chumba katika nyumba ya kushirikiana kwa pauni 600, umeme na maji vikiwa ndani. Chakula tuweke 200, basi 80, na simu, sabuni na nguo za baridi 70. Jumla ni 950. Anabakiwa na pauni 975, kama shilingi 156,000. Ni fedha nzuri, lakini humo ndimo utoke mshahara wa msichana wa kazi, karo, chakula cha nyumbani, deni la nauli na tiketi ya kuja kuwaona watoto. Mama huyu anaendesha nyumba mbili.

Sasa tuseme amewachukua mume na watoto wawili. Nyumba ya vyumba viwili tuiweke pauni 1,000, kodi ya halmashauri 130, umeme, gesi na maji 200, chakula 400, basi 120. Jumla ni 1,850. Zimebaki pauni 75, na hatujanunua viatu. Shule za serikali ni bure, lakini kwa kawaida mwenye viza ya kazi haruhusiwi kupokea posho ya watoto, na kulelewa mtoto mdogo mchana ni ghali sana. Familia hiyo itasimama tu baba naye akipata kazi, mmoja afanye zamu ya usiku ili mwingine akae na watoto. Wengi wanaishi hivyo. Ni afadhali mlijue hilo kabla ya kuuza ng'ombe.

Wanaotaka kwenda kuwatunza wazee wajue pia kwamba tangu tarehe 11 Machi 2024 Uingereza ilizuia wahudumu wapya wa kazi hiyo kuleta familia, na tarehe 22 Julai 2025 ikafunga kuwaajiri wapya kutoka nje. Wakala akikuuzia nafasi hiyo, mkimbie.

Mshahara mdogo wenye baki kubwa

Saudi Arabia na Falme za Kiarabu hazitozi mishahara kodi ya mapato, na hospitali nyingi huko hutoa nyumba na usafiri wa kwenda kazini. Kwa hiyo mshahara ulio mdogo karatasini waweza kuacha akiba kubwa kuliko ule wa England. Lakini mara nyingi nyumba hiyo ni ya mfanyakazi peke yake, na watoto hubaki kwetu.

Uliza kabla ya kutia sahihi

1. Mshahara ulioandikwa ni kabla ya makato au baada yake?
2. Nyumba ni ya mwajiri? Kama si yake, vyumba mji huo hupangishwa kwa kiasi gani? Muulize anayeishi huko, usimwulize wakala.
3. Nani analipa viza, tiketi na mitihani? Kanuni za Uingereza zinakataza mawakala kumtoza mhudumu wa afya ada ya kutafutiwa kazi. Sheria ya kazi ya Saudi Arabia inamtaka mwajiri alipe ada za kumleta mfanyakazi na za kibali cha kukaa.
4. Ukiacha kazi mapema, utadaiwa kiasi gani?

Katika Luka sura ya 14 Bwana Yesu anatumia mfano wa mtu anayetaka kujenga mnara na gharama zake. Basi kaa na baba watoto jioni moja, mchukue daftari, na kila gharama muiandike kwa pesa ya huko kabla ya kugeuza baki kuwa shilingi. Kisha andikeni baki hiyo ni ya kazi gani: kumaliza karo, kulipa shamba, kujenga. Wekeni na mwaka wa kurudi.

Safu ya mwisho iwe ya umri wa watoto. Anayeachwa na miaka miwili, mkataba wa miaka mitatu ukiisha atakuwa na mitano. Atakuwa amejua kusema, kukimbia na kuvaa viatu mwenyewe. Andikeni jina lake hapo, na jina la atakayekuwa naye usiku akipandwa na homa. Nafasi hiyo ikiwa bado wazi, msitie sahihi kwanza.