Wafanyabiashara wa namna tatu: wewe uko wa namna gani?



Mwezi wa sita, kisha kuvuna maharagi ya msimu B, sisi wote tunakimbia soko pamoja na bei inashuka. Mwezi wa tisa masomo inaanza, mbegu inatafutwa, bei inapanda. Katikati ya miezi hiyo wafanyabiashara wanajulikana.

Wa kwanza anauza mbio. Anapenda feza mkononi, hata kidogo. Stoki haimwozei, lakini mwezi wa tisa ananunua mbegu kwa bei kali, pengine kwa yule yule aliyemuuzia.

Wa pili anangoja. Anakausha vizuri, anaweka ndani ya depo. Bei ikipanda, anapata. Lakini wadudu wakiingia, ama kama alikopa feza ili angoje, faida inaisha.

Wa tatu anatafuta mnunuzi kwanza. Anauliza wenye restora na wenye shule wanataka maharagi gani, kisha anachagua, anapima, anafunga. Kazi ni nyingi, lakini hangojee bahati.

Hakuna aliye mbaya. Ubaya ni kumpa mtu kazi isiyo yake. Mkimpa ufunguo wa depo mwenye kupenda kubahatisha, anabahatisha na masomo ya watoto wenu wote.

Basi, mbele ya mavuno, kaeni muamue: magunia ngapi yauzwe sasa, ngapi yangoje, nani atafute wanunuzi. Na mwenye kuuza asiwe yeye mwenye kuandika kilo.