Kibano cha bibi na uso wa mjukuu

Bibi mmoja kutoka kijiji kimoja wilayani Ruangwa alikuja kliniki na mjukuu wa miaka mitatu mgongoni. Mgonjwa aliyeandikwa kwenye daftari alikuwa mtoto: homa na kikohozi. Nilipokuwa nasikiliza kifua chake, bibi alifungua pindo la kanga, akatoa kibano kidogo cha chuma na kuanza kujing'oa kope, bila hata kioo. "Zinanichoma, mwanangu," aliniambia, kama mtu anayekwambia leo jua ni kali.

Ugonjwa huu ni trakoma, wengi tunaujua kwa jina la vikope. Bakteria wake hupita kutoka jicho hadi jicho kwa vidole, kwa pindo la kanga linalofuta nyuso za watoto wote, na kwa inzi wanaofuata matongo na makamasi. Mtoto akiambukizwa mara moja hupona. Hatari iko kwenye kuambukizwa tena na tena. Kila mara ngozi ya ndani ya kigubiko cha jicho hupata kovu, makovu yakiongezeka ngozi hujikunja, kope hugeukia ndani na kukwaruza kioo cha jicho kila unapopepesa. Upofu huja ukubwani. Wanawake hupofuka zaidi kuliko wanaume, kwa sababu wao ndio wanaoshinda na kulala na watoto.

Mjukuu alikuwa na matongo yaliyokauka na inzi wawili kwenye kona ya jicho. Nikamuuliza bibi, kwa upole, mbona hajanawa. "Ndoo ni moja, mwanangu."

Mzazi, naomba tusimcheke. Katika wilaya za Ruangwa na Nachingwea mvua huanza mwishoni mwa mwaka na kuisha mwezi wa nne au wa tano. Baada ya hapo vijito hukauka, na akina mama hufukua mchanga wa mto kutafuta maji. Ndoo ikifika nyumbani ina foleni yake: ya kunywa, ya kupikia, ya kuoshea vyombo, ya baba kuoga. Uso wa mtoto hufika mwisho, ndoo ikiwa tupu.

Foleni hiyo haikuletwa na mvua peke yake. Miaka ya 1970, wakati wa vijiji vya ujamaa, kaya nyingi zilihamia kando ya barabara, karibu na shule na zahanati. Lilikuwa jambo jema kwa shule na zahanati, ila mara nyingi maji yalibaki bondeni. Serikali, kwa msaada wa Finland, ilichimba visima na kujenga mabomba mikoa ya Mtwara na Lindi. Pampu nyingi zikaja kusimama kwa kukosa mafuta na vipuri. Leo mji wa Nachingwea unapata maji ya Mbwinji, na vijiji vya wilaya zote mbili vimewekewa matumaini kwenye mradi wa Mto Nyangao. Mimi nafurahia kila bomba linalofika. Lakini bomba lililofika kijijini halijafika usoni mwa mtoto, na hilo tunalijua kutoka Kongwa.

Kongwa na Nachingwea ziliwahi kuwa ndugu wa shida: zote mbili Waingereza walizichagua kwa mradi wao wa karanga ulioanza mwaka 1947 na kuvunjika miaka michache baadaye. Kongwa ni kukavu kuliko kwetu, na trakoma ilikuwa nyingi. Watafiti walikuta wazazi wakiamini kunawisha watoto kunakula maji mengi. Walipopima mbele ya wanakijiji, ilionekana lita moja inatosha kunawisha watoto wengi. Utafiti uliochapishwa mwaka 1995 ukaonyesha kuwa kampeni ya kunawa uso pamoja na dawa ya kupaka ilipunguza trakoma kali kuliko dawa peke yake.

Basi jaribu nyumbani. Jaza kikombe kimoja, mimina kidogo kwenye kiganja, anza na macho, malizia na pua. Asubuhi na jioni. Kibuyu chirizi kikining'inizwa mlangoni, hata mtoto wa miaka minne atajinawisha. Usifute watoto wawili kwa kitambaa kimoja. Choo nacho ni dawa ya macho, najua inashangaza, lakini inzi hawa hupenda kutagia kwenye kinyesi cha binadamu kilichoachwa wazi, si kilicho ndani ya shimo la choo. Siku ya kingatiba ikitangazwa kijijini, peleka watoto wote, hata wasio na matongo.

Usiweke maziwa ya mama, mkojo wala maji ya majani kwenye jicho. Mtu mzima anayehisi mchanga jichoni kila siku, au anayeng'oa kope, aende hospitali. Kibano hutuliza kwa muda tu, kisha kope huota tena zikiwa fupi na ngumu. Upasuaji wa kurekebisha kope ni mdogo, hufanywa kwa ganzi, na mgonjwa hurudi nyumbani siku hiyohiyo. Unazuia upofu, kioo cha jicho kikishaharibika hauwezi kukirudisha.

Bibi alikataa tarehe ya kwanza tuliyompa, korosho zilikuwa zinaanguka. Alikubali ya Januari, na akaja.