Subira Yenye Macho

Kila mwaka, ligi yetu ya kandanda inapokaribia nusu ya safari yake, hufunguliwa kile kiitwacho dirisha dogo la usajili. Hapo pwani yote ya Ziwa Tanganyika husikika maneno yale yale. Kibirizi penye dagaa, Mwanga sokoni, na Ujiji chini ya miembe, watu huulizana: je, timu ivunjwe ipate wachezaji wapya, au vijana waachwe wakomae? Twaona swali hili si la porojo. Ndani yake mna riziki za vijana na heshima ya mkoa mzima, na kwa hiyo lastahili kupimwa kwa makini.

Wasomaji wetu watakumbuka njia waliyopita Mashujaa, timu ya Jeshi la Wananchi yenye makao yake Kigoma. Desemba 2018, ikiwa bado katika madaraja ya chini, ilikwenda Dar es Salaam ikaitoa Simba katika Kombe la Shirikisho kwa mabao 3 kwa 2. Wengi walidhani mlango wa Ligi Kuu umekwisha funguliwa. Haukufunguliwa upesi hivyo. Ilipita miaka minne na zaidi, hata mwaka 2023, ndipo Mashujaa walipoishinda Mbeya City katika michezo ya mtoano wakapanda. Na Aprili 2024, katika msimu wao wa kwanza wa Ligi Kuu, waliitoa Simba tena katika kombe lile lile kwa mikwaju ya penalti, safari hii nyumbani, katika uwanja wa Lake Tanganyika. Ushindi wa siku moja waweza kuja kama mvua ya ghafla. Daraja hupandwa kwa miaka.

Lakini hatutaki kuwapaka wasomaji mafuta kwa mgongo wa chupa. Ligi ya timu 16 ina michezo 30. Msimu ule wa 2023/24 timu mbili za mwisho zilishuka moja kwa moja, na zile za 13 na 14 zikaingia katika mtoano. Timu iliyofika nusu ya msimu ikiwa mkiani haina anasa ya kungoja miaka. Ikishuka, hapotezi kocha peke yake. Timu kubwa zikija Kigoma, mwenye nyumba ya wageni hupata, dereva wa bajaji hupata, na mama lishe hupata. Basi anayesema "tusubiri" hapana budi aseme pia ni nani atakayelipa gharama ya kusubiri.

Na anayesema "tununue" naye ana deni la kujibu. Mchezaji anayekuja katikati ya msimu hakushiriki mazoezi ya mwanzo. Hawajui wenzake, nao hawamjui. Anafika mji ulio mbali na Dar es Salaam kwa zaidi ya kilometa 1,200, na kabla hajazoea kitanda chake anadaiwa mabao. Pembeni ameketi kijana aliyefanya jasho tangu mwanzo, akijiuliza kosa lake ni nini. Tukumbuke kwamba Juma Kaseja, aliyedaka miaka mingi katika klabu kubwa na timu ya Taifa, ni mzaliwa wa Kigoma. Udongo huu huotesha. Hata sheria za FIFA zalitambua hilo: mchezaji aliye katika mkataba anapouzwa nje ya nchi, sehemu ya 5 kwa mia ya fedha hizo hugawiwa klabu zilizomlea tangu umri wa miaka 12 hadi 23. Ulezi una malipo yake.

Tusisahau pia kwamba mchezaji ni mfanyakazi. Sheria hizo hizo zakataza upande mmoja kuvunja mkataba kwa hiari yake katikati ya msimu, na mchezaji haruhusiwi kucheza michezo ya mashindano kwa zaidi ya klabu mbili katika msimu mmoja. Kijana anayerushwa huku na huko kwa pupa ya viongozi aweza kujikuta hana pa kuchezea hadi msimu mwingine. Huyo si mzigo wa kupakiwa na kupakuliwa bandarini.

Twapenda kuchukua mfano kwa wavuvi wetu. Mvuvi wa dagaa hutegemea taa na giza. Mbalamwezi inapong'aa samaki hawakusanyiki kwenye taa, naye hukaa pwani akishona nyavu. Haendi kuuza mtumbwi. Na mwaka 2024 ziwa zima lilipumzishwa, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wazaliane. Miezi ile ilikuwa migumu kwa wenye kula kwa wavu. Lakini mvuvi huyo huyo akiona ubao wa mtumbwi umeoza, hangoji mwezi ufe. Huung'oa siku hiyo hiyo akatia mwingine.

Hukumu yetu basi ni hii. Viongozi wa timu changa watazame kwanza kama shida yao ni mbalamwezi au ni ubao uliooza. Kama vijana wanacheza vizuri lakini mabao yamekataa, waachwe. Kama kipa pekee ameumia, au ulinzi hauna mtu mzima wa kuuongoza, na aletwe mmoja au wawili, hata kwa mkopo, lakini si kumi. Na kijana asiyepata nafasi apelekwe kwa mkopo anakoweza kucheza, kwa ridhaa yake, ili arudi amekomaa.

Nasi mashabiki tuna wajibu wetu. Tusipige kelele za kutaka mtu mpya kila tunapofungwa, halafu Juni tukauliza timu yetu imekwenda wapi. Mtumbwi wenye tundu huzibwa, hauchomwi moto.