INJINI YA PIKIPIKI KUUKUU INAPONOKI
Dalili zake, namna ya kuipima, na namna ya kuitengeneza

Wahenga walisema kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Injini ya pikipiki nayo ni mara chache sana kufa ghafula. Aghalabu hutanguliza mawingu yake, nayo ni moshi, sauti ngeni, joto na upungufu wa nguvu. Mtu akiyaona mawingu hayo akasimama, huenda akaponya injini yake kwa gharama ndogo. Mtu akiyaona akasema, "Nimalizie safari hii kwanza," mara nyingi safari hiyo ndiyo huimaliza injini.

Maneno haya twawaandikia hasa wenye pikipiki wa Mosocho, karibu na mji wa Kisii, pamoja na wenzao wa vilima vya Kisii na Nyamira. Tangu mwaka 2008, Serikali ya Kenya ilipopunguza kodi ya pikipiki ndogo, vijana wengi wamepata riziki zao kwa bodaboda. Nyingi za pikipiki hizo sasa ni kuukuu, tena zimepita mikononi mwa wenyeji wawili watatu. Kijana ambaye injini yake imenoki, kama wasemavyo mafundi, hapotezi chombo tu. Hupoteza mapato ya kila siku, na pengine deni la chombo hicho bado halijaisha. Zaidi ya hayo, injini ikishika ghafula gurudumu la nyuma huweza kufunga, na abiria aliyeketi nyuma akatupwa barabarani. Kwa hiyo jambo hili ni la mali na ni la uhai pia.

KAZI YA INJINI

Ndani ya silinda mna pistoni ipandayo na kushuka. Pistoni imeunganishwa na konrodi, na konrodi huizungusha krenki. Pistoni imevishwa ringi za chuma, ambazo huzuia nguvu ya moto isishuke chini na kuzuia oili isipande juu. Katika kichwa cha silinda mna valvu mbili: moja huingiza hewa na petroli, na ya pili hutoa moshi.

Tuchukue mfano wa Honda CG125, pikipiki iliyoanza kutengenezwa mwaka 1976, ambayo injini yake imeigwa na viwanda vingi vya China. Kipenyo cha silinda yake ni milimita 56.5, na mwendo wa pistoni ni milimita 49.5. Krenki ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, pistoni hupanda na kushuka mara 100 kwa kila sekunde moja. Vyuma vinavyosuguana kwa kasi namna hiyo vyatenganishwa na utando mwembamba wa oili tu. Utando huo ukikatika, vyuma hugusana, hupata joto, huvimba, kisha hulana. Tena injini hiyo hubeba oili kiasi cha lita moja tu, hivi kwamba ikipungua nusu lita, nusu ya ulinzi wake imekwisha.

Vilima huzidisha taabu. Kisii i juu ya bahari kwa mita 1,700 hivi, na huko hewa ni nyepesi, kwa hiyo injini haina nguvu zote iliyo nazo Mombasa. Dereva akipanda mlima kwa gia kubwa, amechukua abiria wawili na mkungu wa ndizi, injini huenda polepole huku ikilemewa. Injini hizi hupozwa na upepo wa mwendo, na mwendo ukiwa mdogo upepo nao huwa mdogo. Ni vema basi kushusha gia mapema na kutozidisha mzigo. Sheria ya Kenya nayo yaruhusu abiria mmoja tu.

DALILI NA MAANA YAKE

1. Moshi wa buluu. Huu ni moshi wa oili inayoungua. Ukitoka wakati wa kukaza petroli mlimani, yamkini ringi au silinda zimelika. Ukitoka kwa muda mfupi tu asubuhi injini inapowashwa, au baada ya kuteremka mlima mrefu petroli ikiwa imefungwa, mara nyingi ni sili za valvu ambazo zimekuwa ngumu. Tofauti hii ni kubwa, maana sili ni kitu cha bei ndogo.

2. Mgongo mzito kutoka chini. Sauti kama ya nyundo ndani ya tumbo la injini, ambayo huzidi injini inapolemewa, ni dalili ya beringi ya konrodi kwisha. Hapo dereva asiende hata kilomita moja zaidi. Beringi hiyo ikivunjika, konrodi huweza kukatika na kutoboa mwili wa injini, na injini iliyotobolewa hivyo ni taabu kuiponya.

3. Mlio wa kugonga juu. Ukisikika wakati wa baridi kisha ukapungua injini ipatapo joto, pengine pistoni imelegea katika silinda. Mlio mwepesi wa haraka kichwani aghalabu ni nafasi ya valvu iliyozidi. Walakini valvu iliyonyamaza kabisa nayo si nzuri, kwa kuwa huenda imebanwa, haifungi sawasawa, na inaungua.

4. Oili yenye kumetameta. Unapoimwaga oili, ipitishe katika kitambaa cheupe, kisha pitisha sumaku. Chembe zinazonata ni chuma cha beringi au gia. Chembe nyeupe zisizonata yamkini zimetoka katika pistoni. Oili iliyogeuka rangi ya maziwa imeingiwa na maji.

INJINI IKISHIKA NJIANI

Ukisikia nguvu zinapotea ghafula na injini inakazana, kamata klachi mara moja, funga petroli, na uiache pikipiki iende yenyewe hadi pembeni mwa barabara. Usipige kiki kwa nguvu. Usimwage maji baridi juu ya silinda, maana chuma chenye joto kali kikipozwa ghafula huweza kupinda au kupasuka. Ngoja mpaka uweze kuigusa kwa mkono. Kisha tazama kipimo cha oili.

Baada ya hapo toa plagi, mimina kijiko kimoja cha oili safi katika tundu lake, tia gia ya juu, na uusukume mwili wa pikipiki mbele na nyuma polepole. Ikizunguka, usifurahi upesi ukaiwasha na kurudi kazini. Pistoni iliyoshika mara moja imekwaruzwa, na itashika tena. Ipelekeni kwa fundi kwa kusukuma au kwa kubebwa.

KUPIMA KABLA YA KUFUNGUA

Wengi hununua spea kwanza na kutafuta ugonjwa baadaye, nayo ni hasara. Kwanza rekebisheni nafasi ya valvu, kwa sababu valvu iliyobanwa hupoteza nguvu kama vile ringi iliyokwisha. Kwa CG125 nafasi hiyo ni milimita 0.08 kwa kila valvu, injini ikiwa baridi, nayo hupimwa kwa geji ya majani. Pikipiki za namna nyingine zina vipimo vyao, navyo vimeandikwa katika kitabu cha kila moja.

Halafu pigeni kiki huku petroli imefunguliwa yote na swichi imezimwa. Ikiwa kiki ni nyepesi mno, tieni kijiko cha oili katika tundu la plagi, mrudishe plagi, na mpige tena. Kiki ikiwa nzito kuliko kwanza, oili imeziba mwanya wa ringi, kwa hiyo ringi au silinda ndizo mbovu. Isipobadilika, tazameni valvu na gasketi ya kichwa. Jaribio hili halina gharama, nalo laweza kuokoa fedha za wiki nzima.

KUFUNGUA NA KUPIMA VYUMA

Kichwa na silinda zikiisha kutolewa, zibeni mdomo wa tumbo la injini kwa kitambaa safi kabla ya kutoa klipu ya pini ya pistoni. Klipu ikitumbukia ndani, kazi ya saa moja huwa kazi ya siku mbili.

Silinda hailiki sawasawa pande zote. Kwa sababu hiyo fundi apime juu, katikati na chini, na kila mahali apime pande mbili. Kisha asukume ringi ndani ya silinda kwa kutumia kichwa cha pistoni ili ikae sawa, naye apime mwanya kati ya ncha zake. Mwanya ukipita kipimo cha kitabu hata kwa ringi mpya, silinda imekwisha.

Hapa ndipo wenye pikipiki wengi wanapopotea. Huambiwa, "Tutie ringi mpya tu, moshi utakwisha." Ringi mpya iliyo duara haiwezi kuziba silinda iliyolika ikawa kama yai. Moshi hupungua siku chache, kisha hurudi, na fedha zimekwenda. Silinda hiyo yapasa ipelekwe kwa mwenye mashine ya kuchonga, ipanuliwe, na itiwe pistoni kubwa zaidi pamoja na ringi zake. Pistoni za namna hiyo huuzwa kwa kuzidi milimita 0.25, 0.50, 0.75 na 1.00. Ni vema pistoni inunuliwe kwanza, ndipo silinda ichongwe kwa kuifuata.

Kwa upande wa krenki, shikeni konrodi, mivute juu na kuisukuma chini. Ikicheza kidogo kwa kwenda kando, hilo ni jambo la kawaida. Ikicheza juu na chini, hata kwa kiasi cha kusikika mkononi tu, beringi imekufa. Krenki za pikipiki hizi hutenganishwa na kuunganishwa kwa mashine ya kukandamiza, kisha hunyoshwa kwa kipimo. Asikubali mtu krenki yake ipigwe nyundo juu ya jiwe.

KUFUNGA UPYA

Injini iliyonoki huacha vumbi la chuma katika njia zote za oili. Mtu akitia beringi mpya bila kusafisha njia hizo, amelisha mgonjwa sumu ile ile iliyomwangusha. CG125 ina chekecheke ya oili na chujio lizungukalo pamoja na krenki. Vyote viwili vifunguliwe na vioshwe. Katika pikipiki kama Bajaj Boxer, ambayo kamshafti yake i juu kichwani, njia ya oili iendayo juu itazamwe kwa uangalifu mkubwa.

Gasketi ziwe mpya, klipu ziwe mpya, pistoni na silinda zipakwe oili, na nati za kichwa zikazwe kwa kupishana kidogo kidogo, si moja kukazwa yote kwanza. Tieni oili safi iliyotengenezwa kwa pikipiki, kwa kuwa klachi nayo huoga katika oili hiyo hiyo, na oili nyingine za motokaa huifanya iteleze.

Kwa kilomita 500 za kwanza injini ichukuliwe kama mtu aliyetoka hospitali. Isibebeshwe mzigo mzito, isikimbizwe, wala isilemewe mlimani kwa gia kubwa. Kilomita hizo zikiisha, oili imwagwe na itiwe nyingine. Oili chafu isimwagwe shambani wala karibu na chemchemi, maana huharibu maji ya kunywa. Iwekwe katika debe.

KUTENGENEZA AU KUBADILI?

Ikiwa silinda pekee ndiyo mbovu, ni heri kutengeneza. Ikiwa silinda, krenki na kichwa vyote vimekwisha, mtu aandike bei ya kila spea na ujira wa fundi, ajumlishe, kisha alinganishe na bei ya injini nzima. Akibadili injini akumbuke kwamba namba yake imeandikwa katika hati za pikipiki. Aidai hati ya ununuzi, naye aijulishe Mamlaka ya Taifa ya Usafiri na Usalama, yaani NTSA, asije akashikwa kwa injini ya wizi asiyoijua.

MWISHO

Mwenye bodaboda aendaye kilomita 100 kwa siku hufika kilomita 2,000 katika siku 20. Basi kumwaga oili mara moja kila mwezi si anasa kwake. Na kila asubuhi, kabla ya kutoka nyumbani, achomoe kijiti cha oili, akifute, akitazame. Kazi hiyo haifiki dakika moja. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na katika injini, ukuta huo ni silinda, pistoni na krenki kwa pamoja, nao hujengwa kwa fedha ambazo zilikuwa ni karo za watoto.